Mwizi wa Namba Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Novemba

Leo maisha yamegeuka! Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa idara, chini kidogo ya lile la paka aliyepotea. Kampuni ya simu itamsomesha mtu mmoja shahada ya uzamivu, miaka mitatu mizima, achunguze usalama wa mitandao ya simu. Mtu mmoja tu. Awe na shahada ya pili: ninayo. Awe hajatimiza miaka thelathini na sita: natimiza tarehe 11 mwezi ujao. Maombi yanafungwa Jumatatu ijayo. Yaani ni sasa au basi tena, nibaki fundi wa maabara ya kompyuta hadi nistaafu, nikichomoa karatasi zilizokwama kwenye mashine za kuchapa.

Nimelibandua tangazo nikalitia mfukoni. Si wizi. Ni kupunguza msongamano.

Baada ya saa moja Miwani kaingia. Huyu ni mhadhiri msaidizi ninayetumia naye ofisi, meza yake inatazama yangu. Jina hilo nimempa mimi kwa sababu huvaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado huwa anatafuta miwani. Kaniuliza kama nimeliona tangazo. Nikasema tangazo gani. Kasema lile alilolipiga picha asubuhi kabla mtu hajalibandua. Kisha akaendelea kumenya chungwa lake, taratibu, bila hata kunitazama mfukoni.

Nimejisajili kwenye tovuti ya ufadhili. Nywila: MimiNdiyeDaktari1. Naiandika hapa kwa sababu shajara hii haisomwi na mtu yeyote. Nimenunua madaftari mawili meusi yanayofanana, moja la shajara na moja la utafiti. Mtafiti lazima awe na mpangilio.

Nimemwambia mama. Kosa kubwa. Hadi jua linazama jengo zima lilikuwa linajua kwamba mwanawe ni daktari, na jirani wa ghorofa ya chini kaja kunionyesha goti lake. Nikamwambia akandwe na maji ya moto. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Novemba

Natafuta mada. Kichwa cha andiko langu kina maneno thelathini na moja na kinapendeza mno. Nimemsomea Profesa, mkuu wa idara, akiwa anashuka ngazi. Nilipomaliza alikuwa ameshafika chini. Akaniuliza kutokea huko kama ningeweza kuanza upya, kwa kumwambia tu ni kitu gani sikijui na ningependa kukijua. Swali la ajabu! Mimi nilidhani uzamivu ni wa watu wanaojua.

Lakini limeniganda. Nimeshindwa kula vizuri mchana.

Nikaenda kwa mdogo wangu wa kike. Ni wakala wa simu, ana kibanda karibu na posta, anasajili laini, anaweka na kutoa fedha za watu. Nikasimama pembeni nusu saa nikitazama tu. Maajabu! Mzee mmoja ana funguo tatu shingoni na pochi imeshonewa ndani ya koti, lakini namba yake ya siri kaitaja kwa sauti mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara kainua kichwa. Mama mwingine kamrushia mdogo wangu simu, kamwambia abonyeze mwenyewe, kwani namba si anaijua. Mdogo wangu anazijua za mtaa mzima. Anasema hazitaki, ila watu wanamwachia tu, kama wanavyosahau miavuli.

Kwa nini? Mtu huyo huyo anayefunga mlango mara mbili, namba anaitangaza? Hili silijui. Nimejikuta nafurahi kutolijua. Hisia mpya kabisa.

Nikageuka nitafute mahali pa kuandika, ndipo nikamwona Miwani! Kakaa kwenye kreti nyuma ya kibanda, daftari magotini, anakunywa chai katika kikombe cha kwetu, chenye ufa. Mdogo wangu kaeleza kwamba dada huyu huja kila Jumanne tangu mwezi wa nane, ana maswali mazuri, na kwanza aliomba ruhusa. Mwezi wa nane! Kabla ya tangazo lenyewe! Nikamuuliza mdogo wangu yuko upande gani. Kanijibu yuko upande wa wateja, na kaka yake anaziba foleni.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata! Acha Miwani aulize watu maswali. Mimi ni mtu wa vitendo. Nitathibitisha kwamba tapeli yeyote anaweza kuingia kituo cha huduma cha kampuni, akadai simu imepotea, akarudishiwa laini isiyo yake. Akishaipata, kila ujumbe wa siri unamwendea yeye, na mwenye namba amekwisha. Kamati itatetemeka. Watanipa ufadhili ili ninyamaze.

Tatizo ni moja: kuiba namba ya mtu ni jinai. Nimelitatua nikiwa naoga. Nitaiba ya kwangu! Nitakuwa tapeli anayejifanya mimi. Mlalamikaji mimi, mshtakiwa mimi, nani atanipeleka wapi? Kitambulisho nitakiacha nyumbani makusudi, maana tapeli angekitoa wapi kitambulisho changu?

Miwani kaniuliza ninachekea nini peke yangu. Nikasema mambo ya kisayansi. Kauliza kama miwani ya jua ya mama yangu, iliyo juu ya meza, nayo ni ya kisayansi.

Wivu.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Kituo cha huduma, dirisha namba nne. Mhudumu mpole, kalamu yake imefungwa kwa kamba. Nilikuwa nimevaa kofia na ile miwani ya mama. Nikasema kwa sauti ya kitapeli kwamba simu yangu imepotea na namba ni hii hapa. Akaomba kitambulisho. Nikasema kimepotea pamoja na simu. Akaomba namba tatu ninazozipigia mara kwa mara. Jamani, nani siku hizi ana namba kichwani? Nikamtajia ya mama, nikakosea mbili za mwisho. Akauliza laini niliisajili mwaka gani. Nikabahatisha. Kisha swali la siri: nikiwa mtoto nilikuwa na jina gani la utani?

Hapo nikaishiwa. Kwa sababu siku niliposajili laini hiyo, mimi mtaalamu, niliweka jibu la uongo ili kuwapoteza wezi. Nakumbuka kabisa nilivyojisifu. Jibu lenyewe silikumbuki!

Nikiwa bado nimeachama, ile simu iliyopotea ikaita ndani ya mfuko wangu. Mlio wa jogoo. Mama, bila shaka. Mhudumu akautazama mfuko. Mlinzi akautazama mfuko. Jogoo akawika. Nikavua miwani nikasema ukweli wote, kwamba mimi ndiye mwenye namba na nilikuwa najiibia kwa ajili ya utafiti. Mhudumu akasema ana miaka sita kwenye dirisha hilo na hiyo hajawahi kuisikia. Akabonyeza kitufe kimoja tu, jogoo akakatika katikati. Laini imefungwa siku saba kwa tuhuma za utapeli.

Mchana nikarudi na kitambulisho. Akasema tapeli hodari naye huwa nacho. Nikamuuliza sasa nifanye nini ili nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Akanitazama kwa huruma, akasema hata wao huwa wanajiuliza.

Nimetembea njia nzima nalifikiria. Aibu imenijaa hadi masikioni, lakini swali ni zuri. Mimi ni mimi. Kila mtu pale alikuwa ananiona. Kwa nini nilishindwa?

Jumamosi, 8 Novemba

Mambo yamezidi kuharibika. Nimefungua tovuti ya ufadhili nipeleke andiko. Nywila ikakubali (tazama Jumatatu). Kisha mfumo ukanitaarifu kwa adabu kwamba umetuma tarakimu sita kwenye simu yangu, niziingize ili niendelee. Simu yangu! Nilikodolea skrini dakika nzima. Tarakimu zangu ziko hewani mahali fulani, zinanitafuta, hazinipati.

Nimekwenda kwa mdogo wangu, nikamwomba anifungulie laini kimyakimya, yeye si wakala? Kasema atanyang'anywa uwakala. Nikamkumbusha kwamba nilimfundisha kuendesha baiskeli. Kasema anakumbuka, na kovu bado lipo.

Nikapiga huduma kwa wateja kwa simu ya mama. Swali la siri tena. Kabla sijafungua mdomo, mama kaninyang'anya simu. Kawaambia mwanawe aliitwa Kijiko, kwa kuwa alikuwa halali mpaka ashike kijiko, hadi darasa la pili, na sasa ni daktari, kwa hiyo wamfungulie haraka wagonjwa wasisubiri. Jibu la mama lilikuwa la kweli tupu. La kwenye mfumo ni la uongo, na la uongo ndilo sahihi. Wameongeza siku tatu.

Mama alitaka kujua ni nani huyo anayemjua mwanawe kuliko yeye aliyemzaa. Akanuna mpaka chakula cha jioni. Jirani wa ghorofa ya chini naye kapita kushukuru, goti limepoa. Angalau mtu mmoja leo kapona.

Jumatatu, 10 Novemba

Saa saba mchana. Naandika haraka huku mashine inachapa.

Asubuhi Miwani alinikuta nimelaza paji la uso juu ya kibodi, skrini imejaa herufi j. Akauliza kulikoni. Nikamwambia yote, sijui kwa nini, hata jogoo. Hakucheka. Alivua miwani zote mbili, akazifuta, akavaa. Kisha akaniambia nisome kifungu cha kumi na mbili cha masharti: aliyekwama na mfumo anaweza kupeleka maombi kwa mkono kupitia mkuu wa idara, andiko lililochapwa pamoja na daftari lake la uchunguzi. Nani duniani husoma hadi kifungu cha kumi na mbili? Nilinusa mtego. Mshindani haokoi mshindani mwenzake! Nimekisoma mara tatu. Kipo.

Akanisaidia kupunguza kichwa cha andiko. Yalibaki maneno tisa. Nilisikia uchungu kila neno lilipokwenda, lakini sasa hata mimi naelewa ninachotaka kuchunguza: mwenye namba afanyeje ili aaminiwe kuwa ndiye. Mashine ikakwama kwenye ukurasa wa nne, nikaifungua nikaichomoa karatasi kwa sekunde kumi. Miwani kasema hakuna mwingine katika idara anayeweza hivyo. Nimeamua kutolichukulia hilo kama tusi.

Bahasha iko tayari, vyeti ndani. Daftari la utafiti hili hapa kando, nililitia jalada la nailoni au hili ndilo nililo... Miwani anaita. Profesa ameshavaa koti, anataka kuond

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Nimefungua shajara niandike ushindi. Ukurasa wa kwanza: mchoro wa kibanda. Wa pili: idadi ya wateja waliotaja namba kwa sauti.

Hii si shajara.

HII SI SHAJARA!

Nimekimbia hadi idarani na ndara. Profesa kasema dereva wa kampuni aliichukua bahasha saa kumi kamili. Kauliza kama nimesahau kitu. Nikasema hapana, sijasahau, nimeweka kupita kiasi.

Ijumaa, 14 Novemba

(Bado nimo kwenye daftari la utafiti, ukurasa wa ishirini.)

Usaili. Niliitwa kupitia ofisi ya Profesa, maana mimi sina simu. Mezani: Profesa, maofisa wawili wa kampuni, na katikati yao mkuu wa usalama wa mtandao, mama mwenye mvi na sauti ya chini. Mbele yake, shajara yangu. Imejaa vibandiko vya njano.

Akasema ameisoma mara mbili, na mara ya kwanza ilibidi afunge mlango wa ofisi kwa kicheko. Akasema nywila ya ukurasa wa kwanza hakuijaribu kwa sababu hiyo ni jinai, ila dereva aliyeleta bahasha angeweza, na mhudumu wa mapokezi, na aliyefagia. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akauliza, bila kejeli hata chembe, kwa nini mtu wa fani yangu anaandika nywila kwenye daftari.

Nilikuwa na jibu zuri lenye maneno marefu. Halikuja. Nikasema naogopa. Kila kitu nilichowahi kukificha vizuri, wa kwanza kukipoteza nilikuwa mimi. Nikasema pale dirisha namba nne nimeona jambo ambalo haliniachi: mfumo unamtambua mtu kwa kumbukumbu zake, na watu wa kawaida hatukumbuki. Tapeli hufika amekariri kila kitu. Mwenye mali hufika ana haraka na jogoo mfukoni. Kwa hiyo maswali yale yanamfaa zaidi mwizi.

Profesa akauliza basi ni nini nisichokijua. Nikasema sijui mwenye namba halisi anafananaje anaposimama dirishani, na ningetoa chochote kujua. Wakainama wote wanne wakaandika. Wote! Nikauona uzamivu unakuja kwangu kwa miguu yake.

Wakati huohuo, sijui lilitokea wapi, nikaruka kwenye kiti nikapiga kelele: Chui!

Profesa akamwaga maji. Ikabidi nieleze kwamba nimelikumbuka jina langu la utani la uongo, nilijiita Chui. Yule mama akaniambia kwa upole kwamba kwa kuwa sasa nimelitangaza mbele ya kamati, itanipasa nilibadilishe.

Jumatatu, 24 Novemba

Ameupata Miwani.

Naandika tena katika shajara yangu, wamenirudishia, vibandiko na yote. Nimeumia. Sitapamba. Nilipopewa habari nilikwenda stoo ya nyaya, nikafunga mlango, nikalia. Na ajabu yake, sikulilia cheo. Nililia lile swali. Nilitaka kulijibu mimi, nilikalie miaka mitatu, na umri ndio huo unafunga mlango.

Nilipotoka Miwani alikuwa amekaa sakafuni nje ya stoo. Alikuwa amenibakizia nusu chungwa. Akaniambia mkuu wa usalama ametaka sura ya kwanza ya utafiti isimame juu ya dirisha namba nne, na yeye amekataa kuigusa bila ruhusa yangu, kwa sababu aliyeona ni mimi. Anataka niwe fundi wa mradi. Tena anataka niwe Mshiriki wa Kwanza: niendelee kuandika shajara ya kila ninavyoficha, ninavyosahau na ninavyokwama, kwa miaka yote mitatu, nimkabidhi kila Ijumaa aisome. Nikamuuliza kwa nini mimi. Kasema amewahoji watu tangu mwezi wa nane na hakuna aliyemwambia ukweli kama ninavyojiambia mimi humu.

Nimekubali. Masharti ya mkuu wa usalama ni mawili tu. Nibadilishe nywila zangu zote, kabisa kabisa, zisifanane na za zamani. Na mpya nisiziandike mahali popote.

Nilimwogopa mama, kwamba atavunjika moyo. Wapi! Kazunguka jengo zima akitangaza kwamba watoto wa wenzake wanasomea udaktari, wa kwake madaktari wanamsoma yeye. Jirani wa chini kafurahi sana. Kaja na bega.

Ijumaa, 28 Novemba

Siku ya tano ndani ya mradi. Nimetulia, nikafikiri, na sasa naona picha nzima. Miwani hajui alichofanya! Amemfungulia mshindani mlango wa ngome kwa mkono wake. Kila atakachogundua nitakiona mimi kwanza. Na nimesikia kampuni nyingine inaandaa ufadhili wa namna hiyo hiyo, mwisho miaka arobaini. Nitakuwa tayari, kimya, nikinyemelea. Chui!

Leo nimepewa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa mradi, wenye kumbukumbu za washiriki wote. Mkuu wa usalama mwenyewe kapiga simu (laini imefunguliwa) kunikumbusha yale masharti mawili. Nikamhakikishia kwamba nimebadilika, mimi si yule wa mwanzo wa mwezi. Jina la utani nimelibadilisha pia, nimeweka ambalo hakuna mtu atakayelibahatisha, na safari hii nalikumbuka: Kijiko.

Nywila nayo nimeibadilisha kabisa, kama nilivyoagizwa. Ya zamani iliishia na moja. Mpya ni MimiNdiyeDaktari2. Naiandika hapa mara moja tu, kwa tahadhari, maana hakuna mahali salama kama shajara hii: haisomwi na mtu yeyote, ukiondoa Miwani, Profesa na kamati.

Sasa niifunge. Miwani ananyoosha mkono, leo ni Ijumaa.